Nafasi ya Thelathini

Mtaa mzima ulimwita Daktari wa Panya, na mwenyewe alishachoka kukanusha. Ni kweli kwamba miaka kumi na minne nyuma, alipoanza kazi maabara, alikabidhiwa panya weupe sitini awalishe, awapime uzito na kuwachoma sindano. Panya waliondoka zamani, akabaki na damu za watu kwenye vichupa na friji zenye baridi ya kugandisha mate, lakini jina halikuondoka. Majirani walimletea meno yaliyooza, watoto wenye minyoo, na siku moja mbuzi aliyekuwa akikohoa. Wote aliwaambia lilelile: yeye hatibu, anachunguza kinga ya mwili. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaenda zao wakimwonea huruma kwamba alisoma miaka yote ile na bado hajafika kwenye kutibu.

Nyumbani walikuwa wanne. Alikuwapo Daktari mwenyewe, na mumewe, fundi wa kutengeneza cherehani, ambaye watu walimwita Fundi tu. Alikuwapo binti yao wa miaka kumi, aliyebandikwa jina la Kasuku kwa kuwa lolote lililosemwa mezani jioni lilisikika shuleni asubuhi. Na alikuwapo mama yake Fundi, ambaye humo ndani aliitwa Bibi, ingawa mkwewe alimwita Mama.

Bibi alikuwa na mambo mawili mwilini. La kwanza kila mtu alilijua: saratani ya mlango wa kizazi, iliyochomwa kwa mionzi mwaka uliopita ikanywea, na sasa ilikuwa imerudi. La pili hakulijua yeyote chini ya paa lile. Bibi alikuwa na virusi vya Ukimwi, mwaka wa kumi na tisa huo. Kila asubuhi saa tatu, wenzake wakiwa wametawanyika makazini na shuleni, alimeza kidonge chake jikoni. Siku za mapumziko alikimezea bafuni huku bomba likimwaga maji. Kila baada ya miezi mitatu aliaga kwamba anakwenda kumwona rafiki yake wa zamani upande wa pili wa mji, na rafiki huyo alikuwa kliniki. Hata mionzi aliifuata hospitali ya hukohuko, faili lake lilikokuwa, akikataa katakata kusindikizwa.

"Mimi si bibi harusi," alisema. Wakadhani anaona haya kuchunguzwa na wafanyakazi wenzake mkwewe.

Basi ikawa hivyo. Nyumba moja ilikuwa na mtaalamu wa virusi na mtu mwenye virusi, wakipokezana chumvi miaka kumi na moja mfululizo, na mtaalamu hana habari. Ukitaka kucheka, cheka. Bibi mwenyewe alikuwa akicheka peke yake jikoni mara mojamoja.

Kule kazini kwa Daktari, watu wa virusi walikaa ghorofa ya pili na watu wa saratani ghorofa ya nne, na hawakuwa wakitembeleana. Daktari alianzia ya pili. Huko akagundua kwamba walinzi wa mwili wa mtu mwenye virusi wanachoka kwa namna ileile wanavyochoka walinzi wa mtu mwenye saratani. Wapo, tena wengi, ila wamesimamishwa zamu ndefu mno mpaka wanasinzia wamesimama. Wakati huo zilikuwa zimeingia dawa mpya za saratani ambazo kazi yake ilikuwa kuwaamsha walinzi hao. Daktari akapanda ngazi kwenda ya nne kuuliza kama zimewahi kujaribiwa kwa mtu mwenye maradhi yote mawili. Wakamjibu kwamba mtu mwenye virusi hapokelewi kwenye majaribio yao, anawavurugia hesabu.

Jioni ile alirudi nyumbani amefura.

"Wakishaona una virusi tu, wanakufungia mlango!" alifoka huku akivua viatu. "Hata jina hawakuulizi! Mtu anakufa na saratani yake mkononi kwa sababu ya kitu ambacho amekidhibiti kwa vidonge miaka yote!"

Bibi alikuwa akichambua mchele. Neno lile alilikamata, akaliweka.

Ilimchukua Daktari miaka minane kuufungua mlango huo. Maombi yake yalikataliwa mara sita, na katika mara hizo sita aliambiwa wazo lake ni la mapema mno mara tatu na limepitwa na wakati mara tatu. Mwishowe akaruhusiwa: watu thelathini, wenye saratani na virusi kwa pamoja, wapewe dawa kwa dripu kila baada ya wiki tatu na kufuatiliwa. Alipewa chumba namba 14, na hapo ndipo alipotunga sheria yake. Neno virusi lisiandikwe mlangoni, wala kwenye bahasha, wala kwenye ujumbe wa simu, ili mtu akionekana anaingia pale asije akanyooshewa kidole. Yeye mwenyewe hakutajiwa mshiriki yeyote mpaka fomu ifike kwenye saini ya mwisho; aliyewapokea na kuwahoji alikuwa Sista, muuguzi wa utafiti. Na mezani kwake, kwa kuwa Kasuku alikuwa na masikio, Daktari alisema "wagonjwa wetu wa saratani" na kuishia hapo. Sheria ilikuwa nzuri, na watu ishirini na tisa waliibariki. Wa thelathini ndiye aliyeumizwa nayo.

*

Jumapili mchana walikuwa mezani.

"Nimebakiwa na nafasi moja," Daktari alisema. "Ya thelathini. Wanafunga Ijumaa saa sita mchana, na nimezunguka hospitali mpaka soli zimeisha. Simpati mtu."

Bibi alishusha kijiko polepole. Wiki mbili nyuma, daktari wake wa upande wa pili wa mji alimwambia kwamba dawa alizonazo zimefika mwisho, zilizobaki ni za majaribio, na majaribio yana masharti yake. Bibi hakuuliza masharti gani. Alidhani anayajua.

"Unatafuta mtu wa namna gani?" aliuliza.

"Mwenye saratani iliyorudi baada ya mionzi," Daktari alijibu, kisha akamtupia Kasuku jicho. "Na mambo mengine mengine."

"Mambo mengine mengine," Kasuku akarudia.

Bibi akakaa mkao wa kungoja. Alingoja Daktari aseme, Mama, vipi wewe? Daktari akamsogezea bakuli la mboga. Si kwamba hakumfikiria. Alimfikiria tangu siku chumba kilipofunguliwa, na kila alipomfikiria moyo ulimuuma, maana aliamini mama mkwe wake ana nusu tu ya sifa zinazotakiwa. Akaona kumgusia ni kumpa matumaini hewa, bora anyamaze. Bibi alikiona kimya kile kwa jicho lingine kabisa.

"Wageni wanatafutwa hospitali zote," alimwambia mwanawe baadaye, barazani. "Mama mkwe anasogezewa mboga."

"Mama, mke wangu ana sababu zake."

"Sababu anazo. Nami nina miguu."

*

Jumatatu Bibi alivaa gauni la harusi za watu, akajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, akaenda. Nje ya chumba 14 palikuwa na benchi lenye watu watano waliokuja kwa dripu zao. Bibi hakuketi. Aligonga, na Sista alipofungua tu, akajitambulisha kwa sauti ya kufika mwisho wa korido.

"Mimi ni mama mkwe wa mwenye mradi huu."

Benchi zima likageuka. Sista, mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akampisha na kufunga mlango.

"Karibu, Mama. Daktari hajaniambia kama unakuja."

"Hajui. Na asijue mpaka nimepita."

"Hapa hajui mtu yeyote mpaka karatasi ya mwisho. Keti."

Maswali yalianza vizuri. Umri, akajibu, akipunguza miaka miwili, kisha akairudisha. Saratani gani, imechomwa lini, imerudi lini. Sista aliandika akitikisa kichwa kwa kuridhika, na Bibi akaanza kuona mambo yamenyooka.

"Una virusi vya Ukimwi?"

Swali hilo alikuwa amelifanyia mazoezi tangu asubuhi mbele ya kioo.

"Sina," alisema kwa nguvu. "Sina, sijawahi kuwa navyo, na kwetu hakuna."

Sista akaweka kalamu chini. "Pole, Mama. Basi hutaweza kuingia."

"Nimesema sina."

"Nimekusikia. Ndiyo maana."

"Labda hukunielewa, mwanangu. Sina. Niko safi."

"Na mimi nakupongeza. Lakini utafiti huu ni wa watu wenye saratani na virusi kwa pamoja. Hao ndio waliokuwa wakikataliwa kila mahali, Daktari akawapigania. Asiye na virusi hana nafasi hapa."

Kila alichokijua Bibi kilikuwa kimegeuzwa juu chini. Angekuwa amekuja kama mpita njia tu, asiyejulikana na mtu, angelisema palepale na yakaisha. Lakini alishajitangaza yeye ni mama wa nani mbele ya watu watano, alishasema kwetu hakuna, na huyu aliyekaa mbele yake alikunywa chai kila siku na mkwewe. Aibu ikampanda kutoka magotini.

"Mtu akikosa nafasi kwa sababu hana ugonjwa," Sista alisema kwa upole, akimpa mkono, "mimi huwa nampa hongera."

Bibi akaupokea mkono wa pongezi, akashukuru, akatoka. Wale wa benchini wakamsalimu kwa adabu kama mke wa waziri.

*

Jioni hakuweza kujizuia.

"Nimekwenda kwenye mradi wako," alimwambia Daktari. "Nimekataliwa."

Daktari alipaliwa na chai. "Chumba kumi na nne? Mama! Kasuku, nenda kaoge."

"Nimeshaoga."

"Kaoge tena."

Kasuku akaenda mpaka nyuma ya mlango, akasimama hapo. Daktari alieleza yote, taratibu, akimshika Bibi mkono juu ya meza. Alieleza kwa nini mlango hauna maandishi, kwa nini naye hakusema kitu Jumapili.

"Ningekuingiza wa kwanza, nakuapia. Ungekuwa navyo, Mama, ningekubeba mgongoni kukupeleka." Akacheka, kisha akafuta jicho kwa kiganja. "Ona kazi hii ilivyonifanya. Nakaa hapa namsikitikia mama mkwe wangu kwa kuwa hana virusi."

Fundi naye akacheka, kicheko cha mtu mwenye huzuni anayetafuta upenyo. "Mama angevipatia wapi? Na Mzee alivyokuwa mtu wa msimamo!"

"Ndiyo," Bibi alisema. "Mzee alikuwa mtu wa msimamo." Akainuka, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Hapo ndipo penye mfupa. Marehemu mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa kuzunguka masoko ya mbali wiki nzima akipima mawe ya wauza nyama, na hakuwahi kupokea rushwa hata ya kitunguu. Watu walimwita Msimamo. Alipougua, cheti kiliandikwa homa ya mapafu, lakini siku chache kabla hajakata roho alimwambia mkewe ukweli, akalia, akamwomba jambo moja tu: kijana asijue. Kijana alikuwa na miaka ishirini na alimwona baba yake kama mtu asiye na doa. Bibi aliahidi. Fundi alipofungua karakana yake aliiandika kwa rangi nyekundu kwenye kibao juu ya mlango, MSIMAMO CHEREHANI, na kila Bibi alipopita pale alijiambia kwamba ahadi ni ahadi.

Jumanne hakutoka chumbani. Jumatano alipika, akasahau chumvi. Alhamisi saa tatu asubuhi alikiweka kidonge kiganjani na kukitazama, na hasira zikamjia ambazo hakuwa nazo hata siku ya mazishi. Amemeza vitu hivi miaka kumi na tisa ili aishi. Kisha leo afe, huku dawa iko mtaa wa pili, kwa kumlindia sifa mtu ambaye hayupo hata kuzifaidi? Alikitupia kinywani, akanywa maji, akachukua mtandio.

*

Fundi alikuwa amelala chali chini ya cherehani la kiwandani, mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Mama! Umefuata nini na jua hili?"

"Zima hilo."

"Namalizia tu mkanda—"

"Nimesema zima."

Akazima. Bibi alivuta kigoda, akaketi, akaona akizunguka atarudi nyumbani bila kusema.

"Nina virusi."

"Vya nini?"

"Wewe mume wa mtaalamu, unaniuliza vya nini?"

Fundi alitoka chini ya cherehani polepole, akagonga kichwa, na hakujishika. Alimtazama mama yake kana kwamba amemkuta njiani. "Tangu lini?"

"Tangu kabla kidogo hajafariki baba yako."

"Baba alijua?"

"Baba yako ndiye aliyejua wa kwanza."

Nje mtu alipita akiuliza bei ya sindano, hakujibiwa, akaondoka. Kisha Fundi akaanza kutafuta mahali pa kujificha, kama wafanyavyo watoto wote wa baba wazuri.

"Labda ilikuwa hospitali, Mama. Zamani sindano walikuwa wanarudia. Au alijikata kazini, zile mashine za nyama..."

"Mwanangu," Bibi alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Baba yako alikuwa na safari. Mimi nilikuwa na wewe."

Fundi akasimama, akaenda mlangoni, akatazama juu kwenye yale maandishi mekundu. "Nitaking'oa kibao hiki leo hii."

"Hutaking'oa. Ulikiandika kwa kuwa hakula rushwa, na hakula. Yaliyobaki yalikuwa yangu na yake. Nilimsema, usidhani sikumsema. Nilimsema siku tatu mfululizo mpaka akaomba aitiwe jirani."

Fundi alicheka ghafla, na kicheko kikamgeukia kilio katikati. Mtu mzima mwenye ndevu, akajifuta kwa kitambaa cha grisi, uso ukazidi kuchafuka.

"Miaka kumi na tisa unameza peke yako?"

"Ni kidonge kimoja tu. Hakina uzito."

"Ungeniambia, Mama. Ningekuwa nakuletea maji."

Hilo Bibi hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa aibu, hata kwa kutengwa, akapewa maji. Akalia naye, wote wawili kati ya vyuma, mpaka mteja akachungulia na kurudi kinyumenyume.

"Tumwambie mke wangu leo jioni," Fundi alisema baadaye.

"La. Kesho, kulekule. Nikimwambia nyumbani atalia, na akianza kulia saa sita itatupita."

*

Ijumaa saa nne na nusu walikuwa mlangoni. Fundi alibaki benchini, Bibi akaingia na mkoba wake.

"Nimekuja kubadilisha jibu," alisema.

"Jibu lipi, Mama?"

"Lile la virusi. Ninavyo."

Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jumatatu hukuwa navyo."

"Nilikuwa navyo."

"Mama yangu, sikiliza. Nafanya kazi hii miaka mingi. Mtu akiwa na saratani hakuna asichoweza kusema. Mwezi uliopita alikuja mzee hapa na cheti cha virusi alichoandikiwa na mpwa wake, mpwa mwenyewe anauza simu. Sikulaumu. Lakini siwezi."

"Unaniita mwongo?"

"Mmoja wenu ni mwongo, Mama. Ama wewe wa Jumatatu, ama wewe wa leo."

Bibi alikuwa ameficha kwa miaka kumi na tisa, akawa hodari wa kuficha kuliko watu wote. Sasa anatakiwa athibitishe, na mtu hamwamini! Alikasirika kwa dhati. Akafungua mkoba, akatoa leso, ndani ya leso mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kadi yake ya kliniki iliyolainika pembeni kama kitambaa, pamoja na barua ya daktari wake ambayo Fundi aliifuata mapema asubuhi ile.

"Haya. Soma. Kama nayo aliandika muuza simu, niambie."

Sista alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akaanza kufungua moja moja bila haraka. Miezi mitatu, miezi mitatu, miezi mitatu, miaka yote. Virusi vimefubaa, havionekani kwenye kipimo cha wingi, mwaka baada ya mwaka.

"Hujawahi kukosa?"

"Hata siku ya harusi ya mwanangu."

"Nina washiriki ishirini na tisa," Sista alisema, "na hakuna mwenye kadi kama hii." Alimchoma kidole hata hivyo, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Wakakitazama kile kipimo kidogo mezani, wanawake wawili wazima wameinamisha vichwa, mpaka mistari miwili ikajitokeza.

"Eh," Bibi alisema. "Mara ya kwanza nilipoiona hii nilizimia."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Ilibaki saini ya mwisho. Sista akapiga simu ya ndani.

Daktari aliingia mbio, koti jeupe likipepea. "Umempata? Sista, kweli umempata?" Akamwona Bibi kitini, akasita. "Mama, jamani, si tuliongea..."

Sista alisukuma fomu juu ya meza. Daktari akaisoma. Akaisoma tena kuanzia juu, mwanamke ambaye maisha yake yote yalikuwa kusoma namba, na safari hii namba hazikumwingia.

"Miaka kumi na tisa," alisema.

"Na wewe una kumi na moja nyumbani."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi! Mama, hii ndiyo kazi yangu! Siku zote nilikuwa hapo!"

"Ndiyo sababu," Bibi alisema. "Ulikuwa ukirudi kila jioni unasema sampuli. Sampuli imechelewa. Sampuli imeharibika. Sampuli namba nane imefanya vizuri sana, tupike kitu. Nami nikajiuliza, huyo namba nane, ana mama? Anapenda kukaa dirishani? Nyumbani kwako nilikuwa mama mkwe. Sikutaka kushushwa cheo."

Sista akaona dirisha lina jambo la kutazamwa. Daktari alikuwa na majibu. Alikuwa na majibu ya kutosha, kuhusu usiri, kuhusu kanuni, kuhusu namba zinazowalinda watu majina yao. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililofaa. Aliketi kwenye kigoda kilichokuwa kando, magoti yake yakigusana na ya Bibi, na alijiona mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe. Weka saini, saa inakwenda."

"Siwezi." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Wewe ni ndugu yangu. Mwenye ndugu ndani haruhusiwi kumwingiza, wala kusoma vipimo vyake, wala kuyafungua matokeo ya wote mwishoni. Lazima nimkabidhi mwingine."

"Nani?"

"Mwenzangu wa ghorofa ya nne."

"Haohao waliokufungia mlango?"

"Haohao."

Miaka minane Daktari alikuwa akiota siku ya kufungua matokeo yale kwa mkono wake mwenyewe, yeye wa kwanza duniani kujua. Ilimuuma, tusimpambe. Alikaa na maumivu hayo kiasi cha mtu kupiga chafya mara mbili. Kisha akavuta karatasi ya kujitoa, akaandika jina lake na neno mama mkwe, akatia saini, na kumpigia mwenzake wa juu ashuke haraka. Huyo alishuka akihema, akasoma, akatia saini ya kumpokea mshiriki wa thelathini saa sita kasoro dakika nane, na alipotoka alimpa Daktari mkono.

"Sasa, Daktari," Sista alisema, akikohoa kidogo, maana hakuwahi kumwamuru mkubwa wake. "Samahani. Nabaki na mshiriki. Ndugu wa mgonjwa wanasubiri nje."

Daktari akainuka. Bibi akamkabidhi mkoba. Daktari akatoka, akaenda kuketi benchini kando ya mumewe, mahali ambapo kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuketi, na mwanamke mmoja mwenye kofia ya sufu akajisogeza kumpa nafasi bila kumuuliza yeye ni nani.

Ndani, Sista alifungua ukurasa wa mwisho.

"Nani nyumbani anajua hali yako?"

Kule kliniki swali hilo Bibi aliulizwa kila mwaka, na kila mwaka alijibu neno moja, hakuna.

"Wote," alisema. "Mjukuu bado, lakini nitamwambia mimi jioni. Akatangaze akitaka."

"Wa kupigiwa simu ukizidiwa?"

"Yule pale." Alinyoosha kidole kwenye kioo kidogo cha mlango. "Mwenye koti jeupe. Aliyekumbatia mkoba wangu."

Sista akaandika jina la mkubwa wake, herufi kwa herufi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.

"Uhusiano?"

"Mwanangu."

"Mama, kuna mahali hapa pa kuandika mkwe."

"Najua kusoma," Bibi alisema. "Andika mwanangu."